MFEREJI WA SUEZ: MEZANI WALIPATA NINI, NA SISI TUJIFUNZE NINI



Kila mkataba wetu wa pamoja unapokaribia kumalizika, sauti mbili husikika katika mikutano ya matawi. Ya kwanza yasema: "Maneno ya nini? Tutoke kesho asubuhi, tajiri ataona." Ya pili yasema: "Nyamazeni jamani, tusije tukafukuzwa sote." Wanaotaka kukaa mezani na kuzungumza hupigwa na pande zote mbili. Wa kwanza huwaita waoga, na wa pili huwaita wachokozi.

Sisi twaona sauti zote mbili zimekosa. Lakini leo hatutachukua mfano wa hapa nyumbani, maana mifano ya nyumbani huleta ugomvi kabla haijaleta akili. Twataka kuwapeleka Misri, tuangalie jinsi taifa lililokuwa limetoka tu mikononi mwa wakoloni lilivyouchukua Mfereji wa Suez na, jambo kubwa zaidi, jinsi lilivyoushika usitoke tena mkononi. Kuchukua kulikuwa kazi ya usiku mmoja. Kushika kulikuwa kazi ya miaka.

Kwanza tukumbushane habari yenyewe. Mfereji ulichimbwa miaka kumi, 1859 hadi 1869, na kampuni iliyoundwa na Mfaransa Ferdinand de Lesseps. Waliochimba ni wakulima wa Misri. Walitolewa vijijini kwa amri na kupelekwa jangwani, na miaka ya kwanza wengi walichimba kwa majembe na vikapu. Nasser alisema katika hotuba yake kwamba waliokufa walikuwa 120,000. Wenye kuandika historia wanabishana juu ya hesabu hiyo, lakini hakuna abishaye kwamba kazi ilikuwa ya shokoa na kwamba watu walikufa. Sisi ambao babu zetu walisikia habari za reli ya Mombasa hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Misri ilikuwa na hisa karibu 44 katika kila 100 za kampuni hiyo. Lakini mtawala wake, Khedive Ismail, alikuwa amezama katika madeni. Mwaka 1875 aliziuza zote kwa Serikali ya Uingereza kwa pauni karibu milioni 4. Mali bila daftari hupotea bila habari. Miaka saba baadaye, mwaka 1882, askari wa Kiingereza wakaingia Misri, na wakakaa. Mwaka 1922 Uingereza ilitangaza kwamba Misri ni huru, lakini askari walibaki. Mwaka 1936 yakaandikwa mapatano kwamba askari wasizidi 10,000 wakati wa amani, wakae ukingoni mwa mfereji. Kufika mwanzo wa miaka ya 1950 walikuwa makumi ya maelfu. Huo ndio uhuru wa karatasi, na twaujua.

Hapa ndipo mfanyi kazi anapoingia katika habari hii, na vitabu vingi humpita bila salamu. Mwezi wa Oktoba 1951 Serikali ya Misri iliyavunja mapatano ya 1936. Makumi ya maelfu ya wafanyi kazi wa Kimisri waliokuwa wakitumika katika kambi za Waingereza, mafundi, makuli, makarani na wapishi, waliacha kazi. Kambi kubwa yenye karakana na maghala isiyokuwa na mtu wa kupakia wala kupakua si ngome tena, ni mzigo. Waingereza wenyewe walianza kuhesabu gharama. Hata kabla ya hapo, tangu mwaka 1947, walikuwa wamejaribu kujenga maghala makubwa ya kijeshi hapa kwetu Mackinnon Road, wapate mahali pengine pa kuweka vitu vyao iwapo Suez itawashinda. Mpango huo haukufika mbali, ukaachwa. Basi Kenya nayo imo katika habari hii.

Tarehe 23 Julai 1952 maofisa wa jeshi walifanya mapinduzi yaliyomwondoa Mfalme Farouk, na mwaka uliofuata Misri ikawa jamhuri. Watu wengi wangedhani vijana hao wenye bunduki wangeanza vita na Waingereza mara moja. Hawakufanya hivyo. Walikaa mezani, na mwezi wa Oktoba 1954 wakatia sahihi mapatano kwamba askari wote wa Uingereza waondoke katika muda wa miezi ishirini. Hawakupata kila walichotaka. Walikubali kwamba kwa miaka saba Waingereza wangeweza kurudi katika kambi ile kama nchi ya Kiarabu au Uturuki ingeshambuliwa. Wapo Wamisri waliolia kwamba nchi imeuzwa. Siku chache baada ya sahihi, Nasser alifyatuliwa risasi akihutubia Alexandria, naye akasalimika. Kiongozi anayerudi kutoka mezani na nusu ya mkate hungojwa mlangoni na wenye mawe.

Lakini tuone nusu hiyo ya mkate ilizaa nini. Tarehe 13 Juni 1956 askari wa mwisho wa Uingereza aliondoka. Hapo ndipo sisi tunapohesabu kwamba Misri ilipata uhuru wa kweli. Siku 43 baadaye, tarehe 26 Julai, Nasser alisimama Alexandria akatangaza kwamba kampuni ya mfereji imekuwa mali ya taifa. Marekani ilikuwa imekataa juma moja kabla kutoa fedha za Bwawa la Aswan, naye akasema fedha zitatoka katika mfereji. Alitoa hesabu mbele ya watu: mwaka 1955 kampuni ilipata pauni milioni 35, na Misri ikapewa pauni milioni 1. Katika hotuba hiyo alilitaja mara kwa mara jina la de Lesseps, na jina hilo lilikuwa ishara kwa watu wa mhandisi Mahmoud Younes waingie katika ofisi za kampuni. Je, angethubutu kufanya hivyo kama zile kambi zingali zimejaa askari? Twasema hapana. Karatasi ya 1954, iliyoitwa ya aibu, ndiyo iliyofungua mlango wa 1956.

Sasa ndugu, angalieni vizuri ile sheria ya kuchukua kampuni. Haikusema, "Tumewanyang'anya, nendeni zenu." Ilisema wenye hisa watalipwa fidia kwa bei iliyokuwa katika soko la Paris siku moja kabla. Wala Misri haikusema kwamba mfereji utafungwa kwa asiyependwa kwa sababu ya kampuni. Ilisema ya kwamba itafuata Mapatano ya Constantinople ya mwaka 1888, yanayotaka njia hiyo iwe wazi kwa meli za mataifa yote, wakati wa amani na wakati wa vita. Kwa maneno mengine iliwaambia wakubwa wa dunia: Kampuni ilikuwa kampuni ya Misri chini ya sheria ya Misri, na mkataba wake ungekwisha wenyewe mwezi wa Novemba 1968. Sisi tumeumaliza mapema kwa kulipa. Nanyi meli zenu zitapita kama jana. Mna kosa gani la kutushtaki?

Hapo wakubwa walikosa la kusema, wakatafuta la kufanya. Walisema Mwafrika hawezi kupitisha meli. Katika marubani zaidi ya 200 wa mfereji, Wamisri walikuwa karibu 40 tu, maana kampuni kwa miaka mingi haikutaka kuwafundisha. Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Septemba 1956, marubani wengi wa kigeni waliacha kazi kwa pamoja, na kampuni iliyoondolewa ilifurahi. Walitazamia kuona meli zikikwama mchangani, ili dunia iseme, "Mwaona!" Lakini Wamisri wale wachache, pamoja na Wagiriki waliokataa kuondoka na marubani wengine waliokuja kutoka nchi mbalimbali, walifanya kazi saa nyingi bila kupumzika, na misafara ya meli ikaendelea kupita kila siku. Hoja kubwa kuliko zote waliyokuwa nayo Waingereza na Wafaransa ikazama majini. Mjumbe wa Misri hangeweza kusema neno moja la maana katika baraza lolote kama meli zingesimama. Maneno ya mezani yalipata uzito kutoka kwa mikono iliyoshika usukani.

Wakati huo huo mazungumzo yaliendelea. Mwezi wa Agosti mataifa 22 yalikutana London. Misri ilikataa kwenda, kwa kuwa haikuona sababu ya kuhudhuria kesi ya mali yake katika nyumba ya mshtaki. Mataifa 18 yalitaka mfereji uwekwe chini ya halmashauri ya kimataifa. India, Indonesia, Ceylon na Urusi hazikukubali. Waziri Mkuu wa Australia, Robert Menzies, alipeleka shauri hilo Cairo, akarudi mikono mitupu. Kisha mwezi wa Oktoba Waziri wa Mambo ya Nje wa Misri, Mahmoud Fawzi, alikutana na wenzake wa Uingereza na Ufaransa katika Umoja wa Mataifa, mbele ya Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld. Tarehe 13 Oktoba Baraza la Usalama lilikubali kanuni sita. Miongoni mwake: njia iwe wazi bila ubaguzi, enzi ya Misri iheshimiwe, na ushuru upangwe kwa mapatano baina ya Misri na wenye meli.

Mambo yalikuwa karibu kumalizika. Lakini mwenye nguvu akiona mazungumzo yanamshinda hugeuza meza. Uingereza, Ufaransa na Israeli zilipatana kwa siri karibu na Paris. Tarehe 29 Oktoba Israeli ikavamia Sinai, na Uingereza na Ufaransa zikajifanya waamuzi, kisha zikapiga mabomu na kuteremsha askari Port Said. Kwa vita, ndugu, Misri ilishindwa. Tusidanganyane. Ilipoteza Sinai, na Port Said ikavunjwa. Ilichoweza kufanya ni kuzamisha meli ndani ya mfereji ili asipite mtu.

Lakini angalieni kilichotokea. Kwa kuwa Misri ilikuwa imekwisha kujulikana kuwa tayari kulipa fidia, tayari kupitisha meli na tayari kuzungumza, uvamizi haukupata kisingizio hata kimoja cha kusimama nacho. Tarehe 2 Novemba Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitaka vita visimame, kwa kura 64 dhidi ya 5. Marekani ikakataa kuisaidia pauni ya Uingereza iliyokuwa ikianguka. Usiku wa tarehe 6 Novemba risasi zilinyamaza. Kabla ya Krismasi Waingereza na Wafaransa walikuwa wameondoka, na mwezi wa Machi 1957 Waisraeli nao wakarudi nyuma. Jeshi lililoshindwa lilibaki na mfereji, na majeshi yaliyoshinda yalirudi makwao.

Hapo mtu mwenye kiburi angesema, "Sasa hatumlipi mtu." Misri haikusema hivyo, na hii ndiyo sehemu tunayoipenda kuliko zote. Umoja wa Mataifa ulisaidia kuzoa meli zilizozama, na mfereji ukafunguliwa tena mwezi wa Aprili 1957. Tarehe 24 Aprili Misri ilitoa tamko na kuliandikisha katika Umoja wa Mataifa, likawa ahadi ya kisheria: itafuata mapatano ya 1888, haitaongeza ushuru zaidi ya 1 katika 100 kwa mwaka bila mazungumzo, na robo ya mapato itawekwa kwa ajili ya kuutengeneza mfereji. Mwaka 1958, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilipatana na wenye hisa walipwe pauni za Misri milioni 28.3. Dawa ya deni ni kulipa. Malipo ya mwisho yalitolewa mwaka 1963. Matunda yake hayakukawia: mwaka 1959 benki hiyo hiyo iliikopesha Misri dola milioni 56.5 za kupanua mfereji na kuongeza kina chake.

Lakini, ndugu, hatutaki muondoke na hadithi tamu isiyo na mfupa. Mambo matatu hatuwezi kuyafunika.

La kwanza, njia haikuwa wazi kwa wote. Meli za Israeli zilizuiwa, ingawa Baraza la Usalama lilikuwa limetaka zipite tangu 1951. Ugomvi huo uliwafikia wafanyi kazi wenyewe. Mwezi wa Aprili 1960 mabaharia na makuli wa New York waliizuia meli ya Misri iitwayo Cleopatra isipakuliwe, na wafanyi kazi wa bandari za Kiarabu wakajibu kwa kuzigomea meli za Marekani. Mfanyi kazi kwa mfanyi kazi, kila mmoja amelinda bendera ya mkubwa wake. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo nyasi. Mwezi wa Juni 1967 vita vilikuja tena, na mfereji ukafungwa hadi tarehe 5 Juni 1975. Miaka minane meli za kutoka Ulaya kuja Mombasa zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na gharama ya safari hiyo ndefu iliingia katika bei ya vitu tulivyonunua madukani. Meli za Israeli zilipata haki ya kupita kwa mapatano ya amani ya 1979. Tena kwa meza.

La pili, njia ya maji ikiwa mkononi mwako bado haina ukuta. Mwezi wa Machi 2021 meli moja, Ever Given, ilikwama ikafunga mfereji siku sita. Tangu mwisho wa 2023 mashambulizi katika Bahari ya Shamu yaliwafanya wenye meli wengi wazunguke tena kusini, na mapato ya mfereji mwaka 2024 yalishuka chini ya nusu ya mwaka uliotangulia. Mwenye mlango anahitaji amani ya jirani.

La tatu ndilo linalotuuma zaidi. Serikali ile ile iliyojua kuzungumza kwa subira na mabepari wa Paris haikuwa na subira hiyo kwa wafanyi kazi wake. Mwezi wa Agosti 1952, majuma machache tu baada ya mapinduzi, wafanyi kazi wa kiwanda cha nguo cha Kafr el-Dawwar waligoma. Jeshi liliwavunja. Wawili, Mustafa Khamis na Muhammad al-Baqari, walihukumiwa na mahakama ya kijeshi, wakanyongwa mwezi wa Septemba. Baadaye vyama vya wafanyi kazi viliwekwa katika shirikisho moja chini ya kivuli cha Serikali. Mwenye hisa alilipwa bei ya soko, na mgomaji alilipwa kamba. Hata mwezi wa Februari 2011, maelfu ya wafanyi kazi wa kampuni zilizo chini ya mamlaka ya mfereji waligoma wakidai mishahara bora. Mfereji ulikuwa wa taifa kwa miaka 55, nao walikuwa wangali wanauliza fungu lao.

Basi twasema nini? Twasema kwamba mali ya taifa kuwa ya taifa ni jambo jema, nasi twaliunga mkono. Lakini mfanyi kazi asilale akidhani kwamba bendera mpya juu ya ofisi ni sawa na mkataba mpya ndani ya ofisi. Bandari inaweza kuwa ya Serikali, inaweza kukodishwa kwa kampuni, inaweza kurudishwa tena. Katika hali zote hizo hapana budi tuwe na chama kilicho chetu, chenye hazina yake na viongozi tuliowachagua wenyewe.

Na mezani twende kama Misri ilivyokwenda. Mkataba tuusome mpaka mstari wa mwisho, tujue tarehe unayomalizika. Tulichoahidi tukitimize, ili siku ya ugomvi asipatikane mtu wa kutuita wadanganyifu. Vijana wetu wajifunze kuendesha kila mtambo, maana yule asemaye "hawawezi" hujibiwa na kazi peke yake. Mgomo nao uwepo nyuma yetu, kama walivyokuwepo wale makumi ya maelfu walioacha kambi mwaka 1951. Bila wao hakuna ambaye angekuja mezani. Lakini mgomo ni mlango wa kuingilia chumbani, si chumba chenyewe. Atakayeketi ndani lazima awe na kalamu, hesabu na subira.

Wajumbe wetu watakaporudi na mapatano, tusianze kwa mawe. Tuulize kwanza: Karatasi hii itatufungulia mlango gani kesho? Ikiwa haufungui mlango wowote, tuikatae kwa kura, hadharani. Ikiwa waufungua, tuishike, kisha tujipange kupita.

Umoja daima.